Ticha wa Moli

Jumatatu, 15 Julai

Uji umeungua tena. Mwanangu Lea amekula juujuu, nikamwachia mama, nikakimbia. Paredi nimeikuta imeanza. Nimepiga magoti kwenye changarawe pamoja na watoto wa kidato cha kwanza waliochelewa. Nina miaka ishirini na moja. Wananiita Shangazi.

Kemia hatukuwa na mwalimu tangu yule mzee alipohamishiwa Itigi. Leo tumeletewa wa kujitolea. Kamaliza kidato cha sita Mei, jeshini hakupangiwa, anasubiri chuo. Mkuu wa shule alimwingiza darasani mwenyewe, kamshika bega kama mwanawe. Tukasimama wote.

Ni Elia.

Elia wa nyumba ya bati jekundu karibu na kisima. Baba wa Lea.

Aliniona. Alisimama na chaki mkononi, midomo wazi kidogo. Kisha akageuka, akaandika neno moja ubaoni: moli.

Jumatano, 17 Julai

Niandike mara moja nisirudie tena.

Miaka mitatu iliyopita mimi nilikuwa kidato cha tatu, yeye cha nne; sasa nimerudi kidato kile kile. Nilichelewa kuanza shule kwa ajili ya mbuzi wa baba, kwa hiyo nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu, miaka kumi na minane. Tulipendana. Mimi nilimpenda. Yeye sijui alifanya nini.

Mimba ilipojulikana shule ikamwita baba. Baba alikuwa machimboni Sekenke, hakuja. Ila Mama Elia alikuja kwetu asubuhi mapema, akapiga magoti jikoni kwenye majivu. Akasema mwanawe atafungwa kwa kumpa mwanafunzi mimba, na mtihani uko mbele yake. Akasema nitaje mtu mwingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyembuni huyo mtu: dereva wa lori la vitunguu, jina halijulikani. Akaahidi kwamba mtoto atalelewa na nyumba mbili.

Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji nikasema dereva wa lori. Wakaandika. Wakacheka. Nilitukanwa na watu wazima wenye wajukuu.

Elia akafanya mtihani, akafaulu, akaenda kidato cha tano. Nyumba mbili zilileta kanga moja na mche wa sabuni. Basi.

Tunaojua ni wanne. Mimi, yeye, na mama zetu.

Ijumaa, 19 Julai

Nimekutana naye getini. Mwanafunzi akikutana na mwalimu anasalimia. Walikuwapo walimu wengine wawili.

"Shikamoo, ticha."

"Marahaba."

Nilitaka kutema mate.

Ijumaa, 26 Julai

Jambo baya kuliko yote: anafundisha vizuri.

Yule mzee alikuwa anasoma kitabu kwa Kiingereza, sisi tunanakili. Elia leo kaja na vifuko vitatu na mzani wa kuazima dukani. Alizeti, mahindi, maharage. Akatuhesabisha punje, idadi ile ile kila fungu. Akapima. Alizeti nyepesi, maharage mazito. Akasema kwa Kiswahili, kilichokatazwa darasani, huku anachungulia dirishani kama mkuu hapiti: idadi moja, uzito tofauti. Ndivyo zilivyo atomi. Atomi haihesabiki kwa kidole, ni ndogo mno, kwa hiyo tunapima uzito ili tujue idadi. Gramu kumi na mbili za kaboni, gramu kumi na sita za oksijeni, gramu arobaini za kalsiamu: mafungu hayalingani uzito, lakini ndani ya kila fungu atomi ni idadi ile ile. Fungu hilo ndilo moli.

Darasa zima likasema aaa.

Na mimi nikasema. Ilinitoka. Miaka mitatu nyuma sikuelewa hata mstari mmoja wa mada hii. Leo nimeelewa yote, na aliyenielewesha ni yeye. Nimerudi nyumbani nimekasirika mpaka Lea akaogopa kunikaribia.

Jumatatu, 29 Julai

Nimenyoosha mkono. Hadija pembeni yangu hakunyoosha. Akamchagua Hadija.

Jumamosi, 10 Agosti

Mnadani. Mama alinituma na mafuta ya alizeti, nikaenda na Lea mgongoni kisha akataka kutembea. Tulipanga madumu karibu na wauza vitunguu. Jua kali, vumbi la ng'ombe.

Elia alipita na wenzake, walimu wale vijana. Lea alikuwa amesimama mbele ya madumu. Mama amemfundisha kumwamkia kila mtu mzima, hachagui. Akaweka mkono kichwani.

"Chikamoo."

Walimu wakacheka kwa kufurahi. Mmoja akainama, "Marahaba, mrembo! Unaitwa nani?" Lea akajitaja. Elia alikuwa anaangalia mbuzi. Mbuzi gani, sijui. Akaondoka wa kwanza, hatua ndefu.

Lea ana masikio yake. Yale yale, yaliyosimama. Mwenye macho aone.

Nimeuza dumu moja tu. Nimerudi na hasira na vumbi.

Jumanne, 20 Agosti

Leo somo la uzito wa molekuli. Unajumlisha atomi zilizomo. Maji: haidrojeni mbili na oksijeni moja, kumi na nane. Rahisi. Nimemaliza mazoezi kabla ya wote.

Halafu akatuonyesha chupa ya fuwele za bluu zilizobaki stoo. Akasema zina maji ndani, hayaonekani, ukizishika ni kavu kabisa, lakini kwenye uzito yamo. Ukiyasahau, hesabu yako yote imeharibika.

Nikacheka. Peke yangu, kwa sauti. Darasa likageuka.

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku aliyoletwa. Akasahau alichokuwa anasema. Akafuta ubao ambao hatujamaliza kunakili.

Alhamisi, 22 Agosti

Mkuu katangaza. Mwezi ujao kuna jaribio la kemia. Atakayepata chini ya hamsini anaachishwa kemia, anahamia masomo ya sanaa. Maabara ni ndogo, vifaa vichache.

Mimi nataka uuguzi. Bila kemia hakuna uuguzi. Sina mpango mwingine.

Jumapili, 25 Agosti

Baada ya kanisa nimefanya maswali yote ya mwisho wa sura. Lea amechora juu ya mawili. Mama kanitazama akasema kwa Kinyaturu kwamba nitapata wazimu. Kuna raha nikipata jibu. Ndiyo raha pekee niliyonayo kwa sasa, na inanitia uchungu kwamba ilipitia mikononi mwake.

Jumatatu, 2 Septemba

Jaribio. Lilikuwa jepesi. Nasema kweli. Nilimaliza, nikarudia, nikatoka.

Jumanne, 10 Septemba

Thelathini na moja.

Kasoma alama kwa sauti, mmoja mmoja. Jina langu kalisema haraka, macho kwenye karatasi. Vijana wa mbele wakanong'ona Shangazi arudi kulea. Mmoja akafanya kama anabembeleza mtoto. Elia alimwona. Hakumkemea.

Thelathini na moja. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya vyoo. Sikulia. Nilisikia baridi tu, saa sita mchana.

Nimeamini kwa nusu saa kwamba mimi ni mjinga. Hilo ndilo simsamehei.

Jumatano, 11 Septemba

Hadija ndiye aliyegundua. Hadija ana sitini na nane. Mpole, haongei sana, babaye fundi baiskeli pale senta. Wakati wa mapumziko kavuta karatasi yangu, kaiweka kando ya yake.

"Yunisi, hebu ona. Swali la tatu."

Gramu ishirini na tano za kalsiamu kabonati, ile ya chaki, ni moli ngapi. Kalsiamu arobaini, kaboni kumi na mbili, oksijeni tatu arobaini na nane. Jumla mia. Ishirini na tano kwa mia, robo. Yeye kaandika hivyo, mimi nimeandika hivyo. Kwake vema. Kwangu kosa, kalamu nyekundu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Swali la tano vilevile. La sita. La tisa.

Hadija akasema labda alichoka. Hadija hajui kitu.

Nikaenda stoo ya kemia. Alikuwa peke yake anapanga chupa. Nikauacha mlango wazi. Nikaweka karatasi zote mbili mezani.

Aliziangalia muda mrefu. Halafu akaenda kuchungulia nje, akarudi.

"Unataka nini kwangu, Yunisi?"

"Nataka alama zangu."

"Unajua ninachokuuliza. Unataka kunifunga? Nakaribia kuondoka. Imebaki kidogo tu. Unataka kunipeleka kwa mtendaji?"

"Sikuja kwa hilo. Swali la tatu nimepata. La tano nimepata."

"Kila nikigeuka kutoka ubaoni nakuona wewe. Siwezi kufundisha. Silali. Nenda sanaa, Yunisi. Sanaa utafaulu tu, una akili. Nakuomba."

"Na mimi kila nikitazama ubao nakuona wewe. Mbona nimejifunza?"

Alishika chupa moja akaigeuza geuza. Nilimwona kijana yule yule wa kisimani, mwoga. Niliwahi kumwona shujaa. Nilikuwa kipofu.

"Nisahihishie hapa hapa," nikasema.

"Nimeshapeleka alama ofisi ya taaluma. Nikibadilisha wataniuliza kwa nini."

"Waambie."

Nikachukua karatasi zote mbili. Mlangoni akaniita kwa jina lile alilokuwa ananiita zamani. Sikugeuka. Siliandiki hilo jina hapa wala pengine.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimekwenda kwa Madamu wa taaluma. Mama mnene, mkali, anaogopwa na walimu wenzake. Nilimsalimia, nikampa karatasi zote mbili. Hadija alikuja nami akasimama mlangoni.

Madamu alivaa miwani. Akasoma. Akavua miwani.

"Huyu kijana ana nini na wewe?"

Hapo ndipo palikuwa penyewe. Neno moja lingetosha. Nilikuwa nalo mdomoni. Niliona yote: mtendaji, polisi, Mama Elia kwenye majivu tena. Niliona pia mimi nikiulizwa kwa nini nilidanganya, na Lea akioneshwa kwa vidole njiani kila siku.

"Sijui, Madamu."

"Hujui."

"Sijui, Madamu. Nataka alama zangu tu."

Alinitazama sana. Nadhani alijua. Watu wazima wanajua mengi na wanaamua wenyewe kipi cha kujua. Akachukua kalamu akasahihisha upya mbele yangu, swali moja moja. Sabini na nne. Akaandika, akasaini.

"Unabaki kemia. Nenda darasani. Na huyo nitaongea naye mimi."

Nilishukuru, nikatoka. Hadija akanikumbatia. Mimi nilikuwa mkavu tu. Nimepata kilicho changu, na nimemlinda kwa mara ya pili bila hata kuombwa. Sijui nimchukie nani, yeye au mimi.

Jumanne, 17 Septemba

Katangaza darasani kwamba kulikuwa na makosa ya usahihishaji katika karatasi moja. Uchovu. Akasema karatasi moja. Jina hakutaja.

Vijana wa mbele hawaniiti tena Shangazi. Wananiomba madaftari. Sitoi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Wamemuaga leo. Chuo kimemchukua, anaenda kusomea udaktari. Mkuu wa shule alisema mbele ya shule nzima kwamba huyu ni mfano wa kuigwa, kijana wa hapa hapa, hakuchezea ujana wake, aliweka shule mbele. Akasema wasichana hasa wasikilize.

Wasichana hasa.

Kwaya iliimba. Akapewa shuka na kalamu. Akashukuru walimu, wazazi, Mungu. Akasema anaomba radhi kama amemkosea mtu bila kujua. Bila kujua!

Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi. Mikono yangu mwenyewe, naiangalia, inapiga. Madamu wa taaluma alikuwa upande wa pili wa uwanja. Yeye hakupiga. Alishika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

Mada haikuisha. Katuacha katikati ya myeyusho na moli zake. Hatuna mwalimu tena.

Jumapili, 27 Oktoba

Mama Elia kaja. Tangu ile asubuhi ya jikoni hajakanyaga hapa. Kaja na kuku, kafungwa miguu. Mama akampa kiti, nikasalimia, nikataka kuondoka.

"Kaa, Yunisi. Nimekuja kwako."

Nikakaa.

"Baba Elia hali yake mbaya," akasema. "Figo. Hospitali ya mjini wamemrudisha. Nimemwambia. Sikuweza kumficha tena, mtu wa kufa. Anamtaka mjukuu wake amwone."

"Mjukuu yupi, mama?"

"Yunisi, usinifanyie hivyo."

"Huyu wa kwetu ni mtoto wa dereva wa lori la vitunguu. Iko kwa mtendaji. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema."

Alianza kulia. Hakuficha uso. Lea alitoka ndani kuangalia nani analia, Mama Elia akanyoosha mikono, nami nikamvuta Lea kwangu kabla hajafika. Nilimvuta kwa nguvu mno. Akalia naye.

Mama yangu ndiye aliyesema, "Mpe ampeleke. Mzee hana kosa."

"Wewe nyamaza, mama."

Sijawahi kumwambia mama hivyo maishani. Hata kuku alitulia.

Mama Elia akaondoka bila kuaga. Kuku kamwacha. Mama akasimama mbele yangu.

"Unadhani ulikubali peke yako siku ile? Mimi nilikuwa nyuma yako. Mimi ndiye niliyekuambia kubali."

"Najua. Sikuwahi kukuuliza kwa nini."

"Ng'ombe," akasema. "Ng'ombe wa kulimia ni wa kwao. Baba yako hayupo. Ningemfunga mtoto wao, shamba ningelima na nini? Mngekula nini, wewe na hiyo mimba?"

Ng'ombe. Jozi moja ya ng'ombe na plau yake. Miaka yote nilidhani ni huruma. Ningeelewa huruma.

Mama kaingia ndani. Mimi nimekaa nje mpaka jua limezama, Lea kasinzia mapajani. Hatujasemeshana.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mzee wa nyumba ya bati jekundu amefariki alfajiri.

Hakunikosea kitu, yule mzee. Alikuwa akinipa miwa nikiwa mdogo, nikipita na mbuzi. Nilimnyima. Najua nilichofanya.

Jumamosi, 2 Novemba

Mazishi. Nilikwenda na Lea, tukakaa nyuma na wanawake. Nikasaidia kusonga ugali, mwiko mkubwa, moshi machoni. Hakuna aliyeuliza kitu.

Elia kaja kutoka chuo. Kakonda. Alitupa udongo kaburini, mkono ukabaki hewani. Hakututazama. Mama Elia alimtazama Lea muda wote, mpaka watu wakaanza kufuata macho yake na kumtazama Lea na wao. Nikamfunika kichwa kwa kanga. Nikaondoka kabla ya kula.

Jumatano, 13 Novemba

Ng'ombe hatupewi mwaka huu. Hakuna aliyetamka. Walipita wakapelekwa kwa wengine, kusubiri mvua.

Jumatatu, 18 Novemba

Kipindi cha kemia kitupu. Wengi wanalala juu ya madawati. Mimi na Hadija tunasoma kitabu wenyewe, ukurasa baada ya ukurasa. Kuna tusichoelewa. Tunakiruka, tunarudi.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Leo tumeamka mapema, mimi, mama na Lea, tukaenda shambani na majembe ya mkono. Ardhi laini. Mama anachimba mbele, mimi nafuata na mbegu za alizeti, nafukia kwa mguu. Tangu lile la ng'ombe tumekuwa tukisema ya lazima tu: chumvi, maji, mtoto.

Lea alicheza na tope, kisha akalala juu ya gunia kwenye kivuli cha kichaka. Jua likapanda. Mgongo unauma mahali pamoja. Jirani walikuwa wanalima na ng'ombe, tunasikia mijeledi na kelele zao za kuswaga.

Karibu na saa sita mama aliweka jembe chini. Akaenda kwenye dumu, akamimina maji kwenye kikombe, akaja nayo mpaka niliposimama. Mikono yake ina udongo, kikombe kikashika udongo.

Nikapokea. Nikanywa yote.

Nikamrudishia kikombe. Akakaa nacho kidogo, akakiweka kando ya gunia, akaokota jembe. Nikachota mbegu nyingine.